Namba Imetoka Wapi? Mwongozo wa Kufuatilia Sukari ya Mgonjwa Mahututi

Sukari ikishuka kwa mtu aliye macho, mwenyewe ndiye wa kwanza kujua. Mikono inatetemeka, jasho linamtoka, moyo unamwenda mbio, anaomba chai. Mgonjwa mahututi hana nafasi hiyo. Amepewa dawa za usingizi, au malaria imempanda kichwani, au yuko kwenye mashine ya kupumulia, na jasho lake wote mnalidhania la homa. Ubongo wake unaweza kuishiwa sukari huku chati ya joto na presha ikionyesha mambo ni shwari.

Mwongozo huu ni wako wewe muuguzi, tabibu au daktari wa zamu, iwe uko kwenye chumba cha wagonjwa mahututi chenye vifaa vyote, au kwenye wodi ya hospitali ya wilaya ambako mahututi hulazwa karibu na meza ya wauguzi ili aonekane. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: namba ya glukomita usiifanyie kazi mpaka ujue imetoka kwenye damu gani, kwa kifaa gani, na mgonjwa alikuwa anapewa nini saa hiyo.

Apimwe nani

Apimwe kila mahututi, awe na kisukari au asiwe nacho. Aliyeletwa hajitambui, mwenye degedege, mwenye mshtuko wa maambukizi, aliyeungua, aliyegonga kichwa, mama mwenye kifafa cha mimba, mtoto mwenye utapiamlo mkali: tone la kwanza lichukuliwe dakika za mwanzo, wakati mwenzako anaangalia njia ya hewa na kutafuta mshipa. Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti walipima sukari ya watoto zaidi ya 3,700 waliolazwa katika hospitali ya wilaya, wakachapisha matokeo mwaka 2003. Takriban watoto 7 kati ya kila 100 walifika sukari ikiwa imeshashuka, na vifo vyao vilikuwa karibu mara tano ya vifo vya wenzao waliokuwa na sukari ya kawaida. Kwa mtoto mdogo, malaria, maambukizi ya damu, kuhara na kukaa muda mrefu bila kula vinatosha kabisa kumaliza akiba ya ini.

Kwa mtu mzima mambo mara nyingi huanza kinyume. Mwili ulioumia humwaga adrenalini, kortizoli na glukagoni. Ini linatengeneza sukari mfululizo, na misuli inakuwa sugu kwa insulini. Ndiyo maana mtu ambaye hajawahi kuwa na kisukari anasoma 13 au 15 siku moja baada ya upasuaji mkubwa. Mwongezee deksamethasoni au dripu ya adrenalini, itapanda zaidi. Lakini usizoee. Maambukizi yakimzidi, ini likichoka, au figo zikishindwa kuiondoa insulini mwilini, mkondo unageuka, na yule yule aliyesoma 15 jana mchana anasoma 2.8 leo alfajiri. (Namba zote za sukari hapa ni za milimoli kwa lita, mmol/L, isipokuwa nikisema vingine.)

Damu ya wapi?

Glukomita nyingi zilizopo wodini zilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayejipima nyumbani, amekaa kitini, vidole vina joto na damu inatembea vizuri. Kiwango cha kimataifa cha vifaa hivyo, ISO 15197 cha mwaka 2013, kinataka vipimo 95 kati ya 100 visipishane na maabara kwa zaidi ya 0.83 sukari ikiwa chini ya 5.55, au kwa zaidi ya asilimia 15 ikiwa juu ya hapo. Lipeleke hilo kitandani: glukomita ikisema 3.0, sukari yenyewe inaweza kuwa 2.2 au 3.8, na kifaa kikawa kizima kabisa. Hapo bado hatujaongeza matatizo ya mgonjwa wako.

Tatizo la kwanza ni mzunguko wa damu. Mgonjwa mwenye presha ya chini, vidole baridi au vilivyovimba, au anayepewa noradrenalini, damu ya kidole chake haiwakilishi tena damu inayofika kwenye ubongo. Inaweza kusoma juu au chini, huwezi kukisia. Mgonjwa wa namna hiyo chukua damu ya ateri kama ana mpira kwenye ateri, na kama hana, chukua ya vena. Kama hospitali yako ina mashine ya kupima gesi za damu inayotoa na sukari, hiyo ndiyo uiamini kuliko glukomita.

Mpira wa ateri nao una mtego wake. Maji yanayouweka wazi lazima yawe ya chumvi. Mwaka 2008 wasimamizi wa usalama wa wagonjwa nchini Uingereza walitoa tahadhari kuhusu mipira hiyo, kwa sababu kulikuwa na mahali chupa ya deksitrosi ilitundikwa badala ya chumvi. Sampuli ilichanganyika na maji hayo, kipimo kikasoma juu, mgonjwa akapewa insulini, kipimo kilichofuata kikaendelea kusoma juu kwa sababu ile ile, akaongezewa insulini. Unaona jinsi kosa linavyojilisha lenyewe. Basi kabla hujachukua sampuli tazama chupa iliyotundikwa, soma lebo yake, kisha vuta na kumwaga damu ya mwanzo kabla ya ile ya kupima.

Mkono wenye dripu ya deksitrosi una tabia hiyo hiyo. Usichukue damu juu ya kanula, wala kwenye kidole cha mkono huo ikiwa upo mwingine. Ukipata 22 kwa mgonjwa aliyekuwa 8 saa mbili zilizopita, kabla ya kuita mtu yeyote, rudia kwa mkono wa pili.

Sasa jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo linalotuumiza zaidi Afrika Mashariki na halizungumzwi vya kutosha: upungufu wa damu. Stripu inasoma sukari iliyo kwenye majimaji ya damu. Chembe nyekundu zikiwa chache, majimaji yanayofika kwenye stripu yanazidi, na namba inatoka juu kuliko ukweli. Mtoto wa malaria kali mwenye hemoglobini 4, glukomita ikikupa 3.4, usiandike kuwa sukari ni ya kawaida ukaenda zako. Namba yake halisi inaweza kuwa chini ya kiwango cha kumtibu. Mtazame: kama hajitambui au ana degedege, mtibu kana kwamba imeshuka, na peleka sampuli maabara. Kichanga mwenye damu nzito hupata kinyume chake, anasoma chini kuliko alivyo. Zipo glukomita za hospitali zinazopima wingi wa chembe na kujirekebisha zenyewe. Ukipewa nafasi ya kuchangia orodha ya manunuzi, hiyo ndiyo ya kuiombea, kuliko ile yenye kioo kikubwa.

Oksijeni pia huingilia. Stripu zinazotumia kimeng'enya cha glukosi oksidezi husoma chini kidogo pale oksijeni kwenye damu inapokuwa nyingi sana, kama kwa mgonjwa wa mashine ya kupumulia aliyechukuliwa damu ya ateri. Vitamini C kwa dozi kubwa kwenye mshipa hupandisha namba kwa uongo katika glukomita nyingi. Na kuna aina moja ya stripu, zile za kimeng'enya kiitwacho GDH-PQQ, ambazo haziwezi kutofautisha sukari na maltosi. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa maji ya tumboni yenye aikodekstrini, ambayo mwilini huvunjwa kuwa maltosi, anaonekana ana sukari nyingi wakati inaweza kuwa imeanguka. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo baada ya kupokea taarifa za vifo 13 vilivyohusishwa na stripu hizo. Kimeng'enya kimeandikwa kwenye karatasi iliyomo ndani ya boksi la stripu. Itafute karatasi hiyo kabla haijatupwa.

Kuhusu kidole chenyewe, sitachukua muda. Kioshe kwa maji na sabuni, kwa sababu mabaki ya juisi, embe au deksitrosi iliyomwagika mikononi mwako au mwake yanatosha kukudanganya. Kama umetumia spiriti, iache ikauke. Choma pembeni mwa ncha, si katikati. Futa tone la kwanza, pima la pili, na usikamue kwa nguvu. Kichanga achomwe pembeni mwa kisigino. Kila mgonjwa na kisindano chake, na glukomita ifutwe kwa dawa kabla ya kwenda kitanda kinachofuata. Homa ya ini ya aina B imesambazwa kwa vifaa hivi katika nchi zenye hospitali nzuri kuliko za kwetu.

Ukipeleka damu maabara, kumbuka kwamba chembe zinaendelea kula sukari ndani ya chupa. Kwenye joto la kawaida la chumba, sukari hupungua kwa kiasi cha asilimia 5 hadi 7 kila saa, na kwenye joto la pwani huenda kasi zaidi. Chupa yenye kifuniko cha kijivu ina floraidi ya kuzuia hilo, lakini floraidi nayo huchukua saa moja au zaidi kufanya kazi kikamilifu. Sampuli iliyokaa dirishani tangu asubuhi ikisomwa saa nane mchana haina la kukwambia kuhusu mgonjwa.

Stripu, joto na mkanganyiko wa vipimo

Stripu zinakaa ndani ya chupa yake, kifuniko kimefungwa, kwa kawaida kati ya nyuzi 2 na 30. Kuzigawa kumi kumi kwenye bahasha ili kila wodi ipate chache ni ukarimu unaoharibu kipimo, maana unyevu unaziua. Andika tarehe uliyoifungua chupa. Aina nyingi hazidumu zaidi ya miezi michache baada ya hapo, hata kama tarehe ya mwisho iliyochapwa bado iko mbali. Kama mna maji ya kuhakiki glukomita, yatumieni kila mnapofungua chupa mpya na kila kifaa kinapoanguka.

Glukomita ikiandika LO au HI, haijaharibika. HI kwa nyingi ni zaidi ya 33.3, na LO ni chini ya 1.1 au chini ya 0.6 kulingana na aina. Ukiona LO kwa mtu asiyejitambua, mpe deksitrosi sasa hivi, kurudia kutafuata.

Halafu kuna vipimo viwili. Glukomita nyingi za hapa husoma mmol/L, lakini za msaada huja zikiwa zimepangwa kwa miligramu kwa desilita, mg/dL. Ili kupata mg/dL zidisha mmol/L kwa 18. Hatari iko kwenye namba kama 54. Ni mg/dL, sawa na 3.0, yaani sukari imeshuka. Muuguzi wa zamu ya mchana akiandika 54 bila kipimo, wa usiku anadhani nukta imesahauliwa na kusoma 5.4. Kipimo kiandikwe kila mara, hata ukiwa na haraka.

Sukari iwe kiasi gani

Hadithi hii inafaa kujulikana kwa sababu imebadilisha mikono yetu mara mbili. Mwaka 2001 Greet Van den Berghe na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha utafiti wa wagonjwa 1,548 wa chumba cha mahututi cha upasuaji. Waliowekwa kati ya 4.4 na 6.1 kwa insulini walikufa wachache: asilimia 4.6, dhidi ya 8.0 kwa wenzao. Dunia ikakimbilia huko. Ilichoacha nyuma ni kwamba wagonjwa wa Leuven walipewa sukari nyingi kwenye mshipa tangu siku ya kwanza, na kila mmoja alikuwa na watu wa kumpima mara kwa mara kwa damu ya ateri. Timu hiyo hiyo ilipojaribu kwa wagonjwa wa ndani mwaka 2006, vifo kwa ujumla havikupungua. Kisha mwaka 2009 ukaja utafiti wa NICE-SUGAR, wagonjwa 6,104, wengi wao Australia, New Zealand na Kanada. Waliobanwa kati ya 4.5 na 6.0 walikufa zaidi ndani ya siku 90, asilimia 27.5 dhidi ya 24.9, na waliopata sukari ya 2.2 au chini walikuwa asilimia 6.8 dhidi ya 0.5.

Mwaka 2023 Wabelgiji walirudi na wagonjwa 9,230, safari hii bila kuwalisha kwa mshipa mapema na wakisaidiwa na programu ya kompyuta kukokotoa insulini. Kushuka kwa sukari kukawa kwa nadra, lakini kubana hakukumtoa mgonjwa mapema kwenye chumba cha mahututi. Kwa hiyo tunabaki na yale ambayo miongozo ya Surviving Sepsis ya 2021 inasema: anza insulini sukari ikifika 10 au zaidi, kisha ilenge kati ya 8 na 10. Kisomo cha pili mfululizo kifike 10 ndipo uanze. Kisomo kimoja kinaweza kuwa cha kidole chenye juisi.

Mimi ningeongeza kwamba kwenye wodi isiyo na watu wa kutosha, 11 tulivu ni salama kuliko 7 inayokimbizwa. Moritoki Egi na wenzake walipochambua rekodi za wagonjwa zaidi ya 7,000 wa hospitali nne za Australia mwaka 2006, waliona kuwa kupanda na kushuka kwa sukari kulihusiana na vifo hata ukitoa wastani wake pembeni. Na mtu aliyeishi na kisukari kisichodhibitiwa kwa miaka, mwili wake umezoea 14. Ukimshusha ghafla hadi 6 atatoka jasho na kuchanganyikiwa ingawa chati inasema ni kawaida.

Insulini bila kumuua mgonjwa kwa makosa

Kwenye mshipa inaingia insulini angavu ya muda mfupi peke yake. Yenye ukungu haiingii kwenye mshipa kamwe. Mchanganyiko ulio rahisi kuuhesabu ni yuniti 50 ndani ya mililita 50 za maji ya chumvi, ili mililita moja iwe yuniti moja, kwenye pampu ya sindano. Insulini hugandia plastiki, kwa hiyo pitisha mililita 20 za mwanzo kwenye mpira na uzimwage kabla ya kumuunga mgonjwa, la sivyo saa za kwanza anapata maji matupu, unaongeza dozi, kisha inamfikia yote.

Tumia bomba la sindano la insulini. Chupa ya U-100 ina yuniti 100 kwa mililita. Anayevuta kwa bomba la kawaida la mililita moja na kusimama kwenye alama ya 0.1 amevuta yuniti 10. Makosa ya mara kumi yanaanzia hapo, na wenzako wawili wathibitishe dozi kabla haijaingia.

Akiwa kwenye dripu ya insulini apimwe kila saa moja hadi mbili mpaka namba na kasi ya pampu vitulie, ndipo uende kila saa nne. Huwezi kupima kila saa? Basi usianze dripu ya insulini. Sisemi hivi kwa ukali. Kama huna pampu wala mtu wa kukaa na mgonjwa, kuning'iniza insulini kwenye dripu ya kuhesabu matone katika wodi yenye vitanda 40 ni kumtegea. Mpe dozi ndogo chini ya ngozi, pima kila saa nne hadi sita, na usirudie dozi kabla ya ile ya kwanza kumaliza kazi yake. Ila mgonjwa wa mshtuko, mwenye ngozi baridi, dozi ya chini ya ngozi inakaa pale pale bila kufyonzwa, kisha presha ikirudi inaingia yote kwa pamoja. Huyo bora aende kwenye pampu, au asogezwe hospitali yenye pampu.

Sababu ya kawaida kabisa ya sukari kuanguka kwenye chumba cha mahututi ni chakula kusimama na insulini kuendelea. Mpira wa kulishia puani umeziba, mgonjwa ametapika, amepelekwa kupigwa picha, amewekwa bila kula kwa ajili ya upasuaji, na pampu ya insulini imesafiri naye. Weka sheria wodini kwenu: anayezima chakula ndiye anayegusa insulini, kwa kuipunguza au kuisimamisha, au kwa kuweka deksitrosi badala ya chakula, na anapima tena baada ya saa moja. Mgonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza insulini yake haizimwi kabisa. Kwake deksitrosi huongezwa. Na unapomhamisha kutoka dripu kwenda sindano za chini ya ngozi, ile ya muda mrefu itangulie kwa saa mbili hivi kabla ya pampu kuzimwa.

Ikishuka

Mtu mzima akiwa chini ya 4.0 simamisha insulini (kwa mwenye kisukari cha aina ya kwanza isibaki imezimwa) na mpe gramu 15 hadi 25 za sukari kwenye mshipa. Hiyo ni mililita 150 hadi 250 za D10 (deksitrosi ya asilimia 10). D50 mililita 50 nayo ina gramu 25, lakini inaunguza mshipa mdogo na kumpandisha juu ghafla. Itumie ikiwa ndiyo iliyopo, kwenye mshipa mkubwa, polepole.

Mtoto apewe D10, mililita 5 kwa kila kilo, na kichanga mililita 2 kwa kilo. D50 isiingie kwa mtoto bila kuzimuliwa. Kuipata D10 ni hesabu ndogo: sehemu moja ya D50 na sehemu nne za maji safi ya sindano. Mtoto wa kilo 12 anahitaji mililita 60, kwa hiyo vuta 12 za D50 na 48 za maji. Kama maji hayapo, sehemu moja ya D50 na tisa za D5 inafika karibu kabisa. Shirika la Afya Duniani linaweka kiwango cha kumtibu mtoto mwenye malaria kali chini ya miaka mitano, na mtoto mwenye utapiamlo mkali, kuwa chini ya 3.0. Kule Malawi walijaribu kuwapa D10 hata watoto mahututi waliokuwa juu kidogo ya kiwango cha kutibu kilichotumika huko, mpaka 5.0, na utafiti uliochapishwa 2020 haukuona maisha zaidi yaliyookolewa. Kwa hiyo usimpe kila mtoto kwa mazoea. Yule anayekaribia mstari, mlishe mapema kwa mpira na mpime tena.

Mshipa ukikataa, kijiko cha chai cha sukari ya kawaida, imeloweshwa kwa tone moja au mawili ya maji, kiwekwe chini ya ulimi wa mtoto aliyelazwa ubavu. Akiimeza mapema, weka tena. Sukari hiyo inapatikana hata kwenye zahanati isiyo na dripu.

Pima tena baada ya dakika 15, kisha kila nusu saa mpaka ikae juu ya kiwango mara mbili mfululizo. Hapa ndipo wengi hukosea: wanatoa deksitrosi, mgonjwa anafumbua macho, wodi inapumua, na hakuna dripu inayoendelea. Baada ya saa moja anarudi alikokuwa. Kwa hiyo uliza ni nini kilichomshusha. Kwinini huchochea kongosho kutoa insulini, hasa kwa mama mjamzito. Hii ni sababu mojawapo, ingawa si kubwa kuliko vifo, ya kuipenda artesuneti. Katika utafiti wa AQUAMAT uliochapishwa 2010, uliowahusu watoto 5,425 wa nchi tisa za Afrika, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwemo, vifo vilikuwa asilimia 8.5 kwa artesuneti na 10.9 kwa kwinini. Mzee anayetumia glibenklamidi na figo zake zimechoka anaweza kushuka tena na tena kwa siku moja au mbili. Asirudishwe nyumbani kwa sababu ameamka na kunywa uji. Kotrimoksazoli kwa dozi kubwa, kwa mwenye VVU na figo dhaifu, huweza kushusha vile vile. Pombe, ini lililokufa, na tezi za adrenali zilizoharibiwa na kifua kikuu nazo ziwemo kwenye orodha yako.

Zaidi ya sukari

Sukari ni sehemu ya picha. Laktati ikipanda juu ya 5 kwa mgonjwa wa malaria au maambukizi ya damu, huku sukari ikishuka, hali ni mbaya kuliko namba yoyote ya peke yake inavyosema. Kumbuka tu kuwa dripu ya adrenalini nayo hupandisha laktati.

Potasiamu ndiyo ambayo nisingekubali ikosekane. Insulini huisukuma potasiamu ndani ya chembe, na moyo unaweza kusimama. Mgonjwa wa kisukari aliyejaa ketoni mwenye potasiamu chini ya 3.5 apewe potasiamu kwanza, insulini isubiri. Kwake ketoni za damu zina maana kuliko za mkojo, kwa sababu kijiti cha mkojo hakioni aina kuu ya ketoni na huendelea kuonyesha rangi hata anapopata nafuu. Sukari yake ikishuka karibu na 14, deksitrosi inaongezwa na insulini inaendelea mpaka ketoni ziishe.

HbA1c itakusaidia kumtofautisha aliyekuwa na kisukari bila kujijua na yule aliyepandishwa na ugonjwa. Ila kwa mwenye selimundu, aliyepoteza chembe kwa malaria, au aliyeongezewa damu juzi, namba hiyo haina thamani.

Chati na makabidhiano

Kwenye chati, pembeni mwa kila kisomo kuwe na saa, kipimo, damu ilikotoka, na kinachoingia mwilini wakati huo: deksitrosi gani, chakula kinaenda au kimesimama, insulini yuniti ngapi, steroidi ipo au haipo. Andika saa kwa mtindo wa saa 24. "Saa 2" iliyoandikwa na muuguzi anayehesabu kwa Kiswahili ikisomwa na daktari anayehesabu kwa Kizungu inaleta pengo la saa sita, na insulini haisamehe saa sita.

Wakati wa kupokezana zamu simameni kitandani, siyo mezani. Anayeondoka ataje visomo vitatu vya mwisho, anayeingia aangalie pampu, chupa iliyotundikwa na mpira wa chakula kwa macho yake, kisha apime mwenyewe kabla mwenzake hajavua koti.

Na mgonjwa akipona, kazi ya kufuatilia haijaisha. Aliyepanda bila kuwa na kisukari yuko kwenye hatari ya kukipata baadaye. Kwenye kadi yake ya kutoka andika wazi sukari yake ilifika ngapi alipokuwa mahututi, kwamba apimwe asubuhi kabla ya kula baada ya wiki sita, na, kama aliongezewa damu, HbA1c ingoje miezi mitatu.